Jina Moja kwa Samaki Hamsini na Wanne

Samaki hamsini na wanne walifutwa kwenye hesabu ya bahari, na aliyewafutisha ni mtu aliyetaka wahesabiwe. Mambo ndiyo hayo. Hayana namna ya kupambwa.

Mtu mwenyewe ni Hudhaifa, mzaliwa wa Pate, mkata samaki wa Galveston, kusini ya Houston, pale nchi inapokwisha na Ghuba ya Meksiko inapoanza. Umri wake hamsini na mbili. Shule aliiacha darasa la sita. Mikono yake ni ya kisu na jicho lake ni la samaki: akitazama pezi tu hukwambia huyu wa juzi, huyu wa leo, na huyu nahodha wake anatudanganya.

Bahari ile haisifiki. Maji yake yana rangi ya chai ya maziwa, yananuka mafuta, yananuka matope, na huko mbali vyuma vya wachimba mafuta vimesimama kama meza zilizosahauliwa nje mvua ikinyesha. Lakini chini, kivulini mwa vyuma vile, anaishi samaki mwekundu, mwekundu wa kweli, mwekundu wa ndani ya komamanga. Kwao Hudhaifa angeitwa kungu. Na yeye alimwita hivyo hivyo, miaka kumi na minne, mezani, kisu mkononi: karibu kungu, lala hapa kungu, samahani kungu.

Mwaka 2018 wakaja watu wa kuhesabu.

Walimvua kungu, wakampima, wakamchoma chini ya pezi la mgongo kijiuzi cha plastiki cha njano chenye namba na simu, wakamrudisha alikotoka. Walisema njia hii ndiyo wanayohesabia samoni kule kaskazini, samaki wapandao mito kwenda kuzaa, ili wajue wavuvi wamechukua wangapi na maji yamebaki na wangapi. Hudhaifa aliielewa siku ileile, maana ni hesabu ambayo hata mwuza machungwa angeielewa. Tia alama samaki mia, waachie. Rudi ukavue wengine mia. Ukikuta kumi wana alama, baharini mna elfu moja. Ukikuta mmoja tu, baharini mna elfu kumi.

Kwa hiyo alama zikirudi chache, samaki ni wengi. Karatasini.

Na wavuvi hupewa ruhusa kwa karatasi.

*

Nyumba ya samaki aliyofanyia kazi ilipokea mashua saba na ilikuwa na meza nne za kukatia. Meza ya kwanza yake. Ya pili ya Nderitu, kijana wa Nyeri aliyekuja kwa viza ya masomo, masomo yakaisha, viza ikaisha, yeye akabaki. Ya tatu ya Déo wa Bukavu, ambaye faili lake la kuomba hifadhi lilikuwa likihama kutoka ofisi hadi ofisi kama paka asiye na kwao. Ya nne ya Kwamboka, mama wa Kisii, mwenye kesi ya uhamiaji kwa hakimu na tarehe ya mbali, mwanamke ambaye hakuwahi kukosa kazi hata siku moja, maana aliamini kwamba mtu anayeonekana kila siku mahali pamoja haonekani.

Hudhaifa ndiye pekee aliyekuwa na uraia. Na watu wetu wa huku wana desturi yao: mwenye karatasi ni msumari ukutani, kila mtu hutundika chake. Simu ya Déo ilikuwa kwa jina la Hudhaifa. Gari la Nderitu, jina la Hudhaifa. Umeme wa chumba cha Kwamboka, jina la Hudhaifa. Hakuna aliyeona ajabu. Jina lilikuwepo, lina nafasi, likatumika.

Alama ya kwanza aliiona Kwamboka, mwezi wa nne.

"Mzee, huyu wangu amevaa mkufu."

"Soma," alisema Nderitu.

"Ni namba. Halafu simu. Ati ukinipata, piga."

"Ona maisha! Samaki ana namba, ana simu, ana ofisi inayomtafuta kwa wema. Mimi nikitafutwa, si kwa wema," alisema Nderitu.

"Piga wewe, Déo," alisema Kwamboka. "Wanatoa kofia."

"Mie? Jamais, hata siku moja! Bataniuliza jina."

Walicheka, halafu kicheko kikaenda zake na samaki akabaki. Kisu cha Kwamboka kilikuwa juu ya ule uzi. Kuukata na kuutupa kwenye ndoo ya utumbo kungechukua muda wa kupiga chafya.

Hudhaifa alifuta mkono kwenye aproni. "Lete hapa," alisema. "Litakwenda jina langu."

Ndivyo ilivyoanza. Namba ya alama akaandika sawasawa. Mashua, sawasawa. Uzito, sawasawa. Tarehe, sawasawa kabisa. Mahali pa jina akaandika lake, na mahali pa anwani akaandika Arlington, saa nne na nusu kwa gari kutoka baharini, ghorofa ya pili, alikokuwa mkewe Badria, alikokwenda kila baada ya wiki mbili akifuata barabara ya arobaini na tano. Ofisi haikupokea alama isiyo na jina na anwani.

Baada ya hapo kila alama ilikwenda kwake. Ya Nderitu, lete. Ya Déo, lete. Ya Kwamboka, lete, na ya Kwamboka tena, na ya Kwamboka tena, maana macho yake yalikuwa makali na mikono yake haikuruka kitu. Jina moja likabeba samaki kama punda anayebeba mchanga: hasemi, anaongezewa.

Kofia zikaanza kufika Arlington. Kofia ya bluu, samaki mwekundu mbele. Moja, tatu, tisa.

"Hudhaifa," alisema Badria kwenye simu, "umenioa mimi au umeoa kofia? Leo nimevisha hata mpini wa ufagio."

"Gawa."

"Nimegawa. Msikiti mzima wavaa samaki. Imamu kaniuliza ni chama gani."

*

Pamoja na kila kofia ilikuja barua. Na barua ndizo zilizowaponza, kama uzuri unavyoweza kuponza.

Barua ilisimulia maisha ya samaki. Huyu alitiwa alama siku fulani, pahali fulani, kina cha pima thelathini. Aliishi siku mia mbili na kumi na moja baada ya hapo. Alisafiri maili arobaini. Alikua inchi mbili. Hudhaifa alizirudisha Galveston, akazisoma wakati wa chakula, wamekaa juu ya kreti, miguu kwenye maji ya barafu, harufu ya magamba mikononi. Wakasikiliza kama watu wanaosomewa habari za nyumbani.

Ewe kungu, hukujua kwamba una historia. Uliogelea tu. Juu yako meli zilipita, juu ya meli mawingu, na mtu usiyemjua alikuwa anaandika: yu hai, yu hai, yu hai.

"Maili arobaini," alisema Kwamboka siku moja. "Na hakuna aliyemsimamisha njiani."

Barua za samaki wake aliomba apewe. Hudhaifa alimpa. Alizikunja mara nne, akazitia ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mkoba, mkoba begani, kila siku. Zilikuwa na jina la mtu mwingine juu, lakini samaki walikuwa wake.

Mpaka mwaka unakwisha alama zilikuwa hamsini na nne.

*

Simu ilipigwa Januari 2019, mchana. Hudhaifa alikuwa Arlington, ameegesha gari nje ya duka la nyama, Badria yumo ndani anabishana na mwuza mbuzi.

"Shikamoo," ilisema sauti ya kike, na Hudhaifa akashtuka. Simu za namba ngeni hazisemi shikamoo.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Joyceline, baba. Niko Plano, kwenye ofisi inayopokea alama za samaki. Nimeliona jina lako nikajua huyu ni wa kwetu. Nimeomba nikupigie mimi, kabla hawajakupigia wao."

"Kwani kuna nini?"

"Una alama hamsini na nne."

"Naam. Na kofia zimefika zote, alhamdulillahi."

"Siyo kofia, baba. Kuna samaki kumi na tisa umewaandika siku ambazo hukuwepo kazini. Tumemwuliza mwenye nyumba ya samaki, kaleta kadi zako za kazi. Siku ya Idi umeandika samaki watatu. Siku ya Idi ulikuwa wapi?"

Siku ya Idi alikuwa Arlington, kanzu nyeupe, harufu ya mdalasini mkononi, anakula biriani.

Hapo ndipo lilipokaa kosa lake. Mwongo hodari angebadili na tarehe. Hudhaifa jina aliliazimisha, lakini tarehe hakuweza kuigusa, maana siku za samaki zilihesabiwa kutoka hapo, na yeye aliona kwamba kumpunguzia kiumbe siku aliyoishi ni dhuluma. Kwa hiyo alisema kweli mahali padogo na uongo mahali pakubwa, na ile kweli ikaja kumshitaki.

"Nani aliwapata hao samaki?" aliuliza Joyceline.

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wa mezani, mwanangu."

"Mwenye nyumba ya samaki anasema mezani ulikuwa peke yako."

Hudhaifa alicheka kicheko kibaya; wasio na karatasi tajiri hakuwaandika popote. "Mashua saba, meza nne, mkataji mmoja. Basi mwambie anipe nishani."

"Baba, nisikilize. Mtu akikutwa na alama isiyothibitika, zake zote zinaondolewa. Zote, hata za siku ulizokuwepo. Na sehemu yenu nzima ya bahari zimerudi themanini na moja tu. Tukitoa zako zinabaki ishirini na saba."

Aliihesabu palepale, kwa kidole, juu ya vumbi la dashibodi. Alama zimekuwa theluthi. Basi samaki watakuwa mara tatu.

"Hao samaki hawapo," alisema.

"Najua."

"Wewe wajua. Kompyuta yajua?"

Joyceline alisema, taratibu, kama mtu anayepitisha kitu chini ya mlango: "Nipe mtu mmoja. Mmoja tu aliyekuwepo siku za wale samaki kumi na tisa. Anipigie, ajibu maswali matano, nitazirudisha zote. Nina mpaka Ijumaa."

Badria alirudi na mfuko wa nyama, akamwangalia mumewe, akaangalia dashibodi, akaona namba kwenye vumbi. Akazifuta kwa upindo wa mtandio, maana alidhani ni uchafu.

*

Jumatatu aliwaambia. Hakuomba. Alieleza tu, akaangalia chini, akaendelea kukata.

"Mzee," alisema Nderitu, "wewe ni kama baba yangu. Lakini jina langu liache lilale. Likiamka litanisafirisha."

Déo alinoa kisu ambacho tayari kilikuwa kikali.

"Wakisema samaki ni mara tatu," alisema Hudhaifa, "watafungua bahari. Watakuja wenye mashua kubwa. Miaka miwili, hapa tutakuwa hatuna cha kukata."

"Tutakata kuku."

"Kuku hatokani na bahari, Nderitu."

"Ndiyo uzuri wake. Hakuna anayekuja kumhesabu."

Jumatano, baada ya kreti ya tatu, Kwamboka alivua glavu.

"Leta simu."

"Si lazima, mama."

"Sijauliza kama ni lazima. Hao kumi na tisa niliwapata mimi, kwa hii mikono. Barua zao ziko hapa." Akapiga mkoba. "Leta."

Wakaiweka simu juu ya mizani, sauti wazi, katikati ya magamba. Nderitu alizima bomba la maji. Mashine ya barafu iliendelea kutema.

"Dada, asante sana," alisema Joyceline. "Nalazimika kukwambia kwamba simu inarekodiwa. Swali la kwanza, jina lako?"

"Kwamboka." Alilisema lote, jina na ubini, kwa sauti ya mtu anayeitwa darasani na anajua jibu.

"Ulikuwepo mezani siku hizi nilizomtumia baba?"

"Nilikuwepo. Zote."

"Swali la tatu. Unaishi wapi?"

Mashine ya barafu ilitema. Ikatema tena.

"Hiyo ni lazima?"

"Kompyuta haiendi mbele bila anwani, dada yangu."

"Andika ya mzee. Arlington."

"Dada," sauti ya Joyceline ilikuwa imeshuka, "hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa."

Kwamboka alimtazama Hudhaifa. Hakumlaumu. Alimtazama kama mtu anavyotazama kiti anachokijua akakikuta kimekaliwa. Na Hudhaifa, mwenye jina lililobeba simu na gari na umeme na samaki, alikuta jina lile limejaa. Angesema sema, angekuwa anamuuza. Angesema nyamaza, angekuwa anawauza samaki, na pamoja na samaki meza zote nne. Alisimama tu. Maji ya samaki yalimtiririka kiwikoni.

Kwamboka alikata simu kwa kidole gumba chenye gamba juu yake.

Akavaa glavu. Akamaliza kreti yake, samaki kumi na wawili, minofu safi, mifupa mitupu, kama kawaida. Akaosha kisu, akakikausha, akakilaza. Alhamisi meza ya nne ilikuwa tupu. Chumba chake kilikuwa kimefagiwa. Wengine walisema kaenda Minnesota, wengine Alabama. Simu yake iliita, ikaita, halafu ikaacha hata kuita.

Ijumaa Joyceline alituma ujumbe mfupi. Samahani baba. Nimeshindwa.

*

Ofisi ikaandika: samaki ni mara tatu. Ikaandika kwa nia njema, kwa wino mzuri, kwa hesabu isiyo na kosa hata moja. Watu wa kuhesabu hawakusema uongo. Walichopewa ndicho walichojumlisha.

Na bahari ikafunguliwa.

Zikaja mashua za mbali, ndefu, zenye majokofu tumboni na taa kama kiwanda. Wiki za mwanzo ilikuwa sherehe. Kreti zilipanda hadi dari. Manahodha waliimba. Kungu alikuja mwekundu, mnene, mrefu kama mkono tangu bega, na Nderitu akasema, "Unaona, mzee? Labda kompyuta ilijua."

Lakini kisu hujua kabla ya kitabu.

Mwezi wa tano kungu alikuwa mrefu kama mkono tangu kiwiko. Mwezi wa nane alikuwa kiganja na nusu. Hudhaifa alikuwa akipasua tumbo akikuta mayai, mayai mabichi, mayai ya samaki ambaye angezaa mwaka ule kwa mara ya kwanza, na kisu kikasita, na nyuma yake kreti nyingine ikasukumwa. Samahani kungu. Akakata. Samahani. Akakata. Mtu anaomba msamaha na mkono hausimami, na mkono ukisimama kuna mkono mwingine nje ya mlango unaongoja kushika kisu.

Vijiuzi vya njano bado viliendelea kuja, vichache, kwenye migongo midogo. Alipiga simu Plano.

"Joyceline, samaki wamekuwa watoto."

"Nimeandika, baba."

"Umeandika wapi?"

"Kuna mahali pa maoni."

"Maoni yasomwa na nani?"

Alisikia vidole vya Joyceline vikigonga herufi, vikagonga, vikaacha.

"Nimeandika, baba," alisema tena, na Hudhaifa alijua kwamba binti huyu naye amesimama mahali fulani, maji yanamtiririka kiwikoni.

Ee bahari, usione watu wamekudharau. Walikuhesabu. Walikutia namba, wakakupa simu, wakakuandikia barua. Kulikuwa na mtu mmoja aliyejua kweli yako, na kweli yako ilikuwa imelala ndani ya anwani ya mwanamke aliyeogopa. Ungetaka afanye nini? Wewe ungekuwa yeye, ungesema unaishi wapi?

Desemba mashua za mbali zikaondoka, kama wageni wanaoondoka chungu kikiinamishwa. Za pale zikabaki zimefungwa, zikigongana ubavu kwa ubavu. Nyumba ya samaki ilifungwa Februari 2020. Watu hupenda kusema ni ule ugonjwa uliofunga mahoteli. Si kweli. Ugonjwa ulifika mwezi uliofuata, ukakuta mlango tayari una kufuli.

Siku ya mwisho Hudhaifa alikwenda mpaka ukingoni akatazama. Maji yalikuwa yaleyale, rangi ileile ya chai, mawimbi mafupi, shakwe wakilalamika. Hakuna pengo lililoonekana. Bahari ikitolewa kitu hujifunika papo hapo, na anayeitazama kutoka juu huapa kwamba imejaa. Alikaa mpaka jua likawa kali kichwani. Halafu akaingia garini, akaifuata barabara ya arobaini na tano, Houston, Huntsville, Corsicana, Dallas, Arlington, na njia nzima hakuwasha redio.

Badria alikuwa amepika wali na maharage. Alimwekea sahani, akakaa naye, akauliza swali moja tu.

"Kimeondoka nini?"

Hudhaifa aliosha mikono, akanawa tena, akamjibu kwa hesabu, maana maneno mengine hakuwa nayo. Alama hamsini na nne. Mashua tano kati ya saba, zimeuzwa. Meza nne. Nderitu, ambaye sasa anapanga matofali Carrollton. Déo, hana kazi. Mimi. Kwamboka, na mwaka mmoja na mwezi mmoja tangu tumsikie. Na kungu, wale wakubwa wa kuzaa: nilikata elfu tatu na kitu mwezi wa tatu wa mwaka jana, mwezi huu nimekata sita.